Tarehe kwenye kitako cha kopo

*Mama mshauri, mimi ni mtoto wa Beni, nina miaka 27, naishi Butembo kwa baba mdogo. Wazazi wangu waliuawa shambani na waasi wa ADF. Baba mdogo ndiye aliyenipokea, akanilipia masomo, akatoa mbuzi wa mahari yangu. Sasa natunza depo lake. Maziwa ya kopo yakipitwa na wakati, usiku tunafuta tarehe kwa pamba na asetoni, tunapiga muhuri mpya, na katoni zinapakiwa kwenye Fuso kwenda Oicha. Jumapili naimba korali, lakini siku hizi sauti haitoki. Kiongozi mmoja wa maombi ameniambia niongeze zaka, Mungu atafunika. Nikimkatalia baba mdogo, si nitakuwa mtoto asiye na shukrani? – Mwanakwaya, Butembo*

Mwanangu, pole sana kwa wazazi. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanazika, na wewe ulibaki yatima katika msiba huo. Baba mdogo alikutendea mema ya kweli, na sitakuomba uyasahau hata moja.

Lakini fikiria nani ananunua maziwa ya bei nafuu kule Oicha. Ni mama aliyekimbia shamba lake kama wewe ulivyokimbia. Anageuza kopo, anasoma tarehe kwenye kitako, anaiamini, anamkorogea mtoto. Tarehe hiyo umeiandika wewe. Ndiyo maana sauti haitoki, na mimi namshukuru Mungu kwamba haitoki.

Umemsikia Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, mkoa wetu huu. Alikuwa mfanyakazi wa OCC, ofisi inayokagua bidhaa. Walimletea pesa ili apitishe chakula kilichoharibika, akakataa, kwa sababu kingeliwa na watu. Julai 2007 alitekwa, akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri kule Roma. Hata sisi tusio Wakatoliki tunapaswa kumjua.

Sikutumi ukafe. Watoza ushuru walipomuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwakataza kutoza zaidi ya kilichopangwa. Kwako pia naanzia hapo: pamba na muhuri uviache usiku wa leo, depo endelea kulitunza.

Baba mdogo usimkabili mbele ya vibarua. Mfuate nyumbani asubuhi, peke yake, umshukuru kwanza kwa yote, tena usiharakishe. Kisha mwambie: «Baba, mzigo nitapokea, hesabu nitafanya, lakini tarehe sifuti tena.» Mpelekee na njia ya kutokea, maana mfanyabiashara anaogopa hasara kuliko mahubiri. Mzigo ukiingia andika tarehe zake kwenye daftari. Unaokaribia kwisha uuzwe mapema kwa bei ya chini. Maziwa yasiyotoka haraka yaagizwe machache. Akikasirika, nyamaza, rudi na mzee wa ukoo anayemheshimu. Akikataa hata mbele ya mzee, ondoka kwake kwa adabu. Mkeo mweleze leo, asije akashtukia mshahara haupo, na mwanze kuweka kitu kwenye likelemba, mchango wa kupokezana. Shukrani yako kwa baba mdogo haidai umsaidie kulisha watoto wa wenzake vitu vilivyopitwa na wakati.

Kuhusu zaka, huyo kiongozi amekupotosha, na inaniuma kwamba alisema hivyo kwa jina la Mungu. Sadaka haisafishi maziwa yaliyokwisha kuuzwa. Zakayo alipotubu aliwarudishia watu wenyewe, mara nne.

Wewe pia una watu wa kuwarudishia, maana kuna katoni zilizokwisha kufika Oicha. Orodha ya wateja unayo wewe, maana daftari la depo liko mkononi mwako. Ukishaongea na baba mdogo, mwombe mwapigie simu wenye maduka pamoja, makopo hayo yaondolewe rafuni na warudishiwe pesa yao. Akisita, wapigie wewe, wiki hii hii.