Jengo Lisilotulia

Mtu asimamapo ndani ya jengo refu, siku isiyo na dhoruba, huamini kuwa jengo hilo limetulia kabisa. Sivyo. Upepo hulisukuma, magari barabarani huitikisa ardhi iliyo chini yake, na mashine zilizomo ndani nazo huchangia. Mitetemo hiyo haihisiwi na binadamu, lakini chombo chepesi cha kupimia huinasa.

Misukumo hiyo haina mpango wowote, wala jengo haliijibu yote sawasawa. Kama vile pembea ipaavyo zaidi isukumwapo kwa kufuata mwendo wake yenyewe, jengo nalo huitikia zaidi misukumo inayolingana na marudio yake ya asili, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde. Darasani, rula iliyobanwa ukingoni mwa meza yatosha kuonyesha jambo hili: kadiri itokezavyo nje, ndivyo itetemekavyo polepole. Rekodi ndefu ya mitetemo ikichanganuliwa kihisabati, marudio hayo hujitokeza kama vilele katika grafu. Na iwapo tungamo la jengo halikubadilika, ukakamavu wake huwiana na mraba wa marudio.

Huko Pasadena, Marekani, liko jengo la zege la ghorofa 9 lililojulikana kwa miaka mingi kama Maktaba ya Millikan. Mwaka 1967, lilipokuwa jipya, lilitikiswa kidogo kwa mashine, yakapatikana marudio 1.46 kwa sekunde katika upande wa mashariki na magharibi. Yakapita matetemeko ya ardhi ya 1971 na 1987. Mwaka 2002 yalipatikana 1.14. Ukigawanya 1.14 kwa 1.46 utapata 0.78, na mraba wake ni 0.61. Basi ukakamavu wa upande huo ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 39, na jengo lingali likitumika!

Je, lilikuwa hatarini? Tarakimu hiyo peke yake haitoshi kuhukumu. Vyombo vilivyoachwa humo kupokea mitetemo midogo usiku na mchana vilionyesha kuwa mvua kubwa huyapandisha marudio kwa asilimia 3 hivi, kisha hurudi taratibu kwa siku kadhaa. Upepo mkali huyashusha kwa muda. Joto nalo huyageuza. Mpimaji afikaye siku moja tu aweza kuudhania upepo kuwa ufa. Ndiyo maana jengo hupimwa lingali zima, katika majira mbalimbali, ili tetemeko litokeapo pawepo vilele vya kulinganishia.