Tuta Kwanza, Mitumbwi Baadaye: Kutunza Ziwa Dogo la Shambani Lubumbashi

Kama una ziwa dogo shambani kwako nje ya Lubumbashi, lililozuiwa kwa tuta la udongo, likague Septemba na Oktoba. Miezi hiyo maji yameshuka, majani yamekauka, ufa unaonekana kwa macho, na mafundi wanapatikana. Mvua ikishaanza Novemba, kazi yoyote ya udongo juu ya tuta ni ya kubahatisha, na mvua hiyo haitakuachia hadi Machi au Aprili.

Ninalisisitiza hili kwa sababu fedha za ziwa la mapumziko huishia mahali panapoonekana: vibanda vya nyasi, mitumbwi, jiko la kuchoma samaki, muziki wa Jumapili. Tuta lenyewe halimvutii mgeni yeyote, basi linaachwa liote vichaka. Lakini ni tuta hilo linaloyazuia maji yasiwafikie watu wanaolala bondeni.

Yaliyotokea Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, kila mwenye bwawa anapaswa kuyajua. Usiku wa Jumatano, 9 Mei 2018, bwawa la Patel, la udongo na mali ya shamba la watu binafsi, lilipasuka baada ya wiki nyingi za mvua kubwa. Maji na matope yaliporomoka mteremkoni yakazikumba nyumba, na watu wasiopungua 47 wakapoteza maisha, watoto wengi wakiwa miongoni mwao. Baadaye wasimamizi wa maji wa Kenya walieleza kwamba mabwawa ya shamba hilo hayakuwa na kibali. Halikuwa bwawa la umeme kama Mwadingusha yetu, iliyojengwa kwenye mto Lufira mwaka 1930 na kusimamiwa na wahandisi tangu hapo. Lilikuwa bwawa la shamba, na mabwawa ya shamba ndiyo ambayo hakuna anayeyatazama isipokuwa mwenyewe.

Anza na utoro, yaani njia ya pembeni inayotoa maji ya ziada ziwa likijaa. Tuta la udongo halikubali maji yapite juu yake. Yakianza kupita, hata kwa kina cha kiganja, yanachimba mteremko wa nyuma, na ndani ya saa chache hakuna tuta tena. Fanya hesabu ya bonde lako. Tuseme maji ya eneo la kilomita moja ya mraba yanakuja kwako, na siku moja inanyesha milimita 80. Hizo ni mita za ujazo 80,000. Nusu ikizama ardhini, 40,000 zinashuka ziwani. Ziwa la hekta 2 lisilo na pa kutolea maji litapanda mita 2 nzima. Utoro wenye upana wa mita 5, maji yakipita kwa kina cha sentimita 30, unatoa takriban mita za ujazo 5,000 kwa saa. Sasa uliza wako ni wa mita ngapi. Uliza pia hali ya bonde la juu, kwa sababu pale miti ya miombo ilipokatwa kwa ajili ya makaa, maji hayazami kama zamani. Yanashuka haraka, tena na matope yanayojaza ziwa.

Utoro ukatwe kwenye ardhi ya asili, kando ya tuta, na si kwenye udongo uliojazwa. Kati ya kizingiti chake na sehemu ya chini kabisa ya mgongo wa tuta iwepo angalau mita moja. Hapo usiamini macho. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ule ambao mafundi wa nyumba wanautumia kusawazisha kuta, ujaze maji, upime kutoka kizingiti hadi juu ya tuta kila baada ya mita 10. Mara nyingi utakuta tuta limezama katikati, au pale gari na ng'ombe wanapopita. Pajazwe kabla ya mvua.

Mambo mawili yanaua utoro mzuri, na yote mawili hufanywa kwa nia njema. La kwanza ni wavu wa kuzuia tilapia wasitoroke. Majani, matawi na chupa za plastiki vinajikusanya kwenye wavu, na usiku wa mvua kubwa utoro unakuwa ukuta. Kama huwezi kuvumilia kupoteza samaki, weka vyuma vilivyolala, vyenye nafasi ya kutosha kati yake, na mtu wa kuvisafisha saa yoyote. Kwa maoni yangu, samaki waende. La pili ni mifuko ya mchanga inayopangwa kwenye kizingiti wakati wa kiangazi ili ziwa libaki limejaa kwa ajili ya wageni. Mvua ya kwanza inaikuta bado iko pale.

Kisha tembea juu ya tuta lote, kwa miguu na polepole. Kata vichaka, na usiruhusu mti kuota. Mkaratusi au mwembe unaonekana kulishika tuta, ila mizizi yake ikioza inaacha njia za maji, na mti ukiangushwa na upepo unang'oka na kipande cha tuta. Majani mafupi yanayotambaa yanatosha.

Katanga ina adui wake wa pekee: mchwa. Vichuguu vikubwa vinavyozunguka Lubumbashi, vingine virefu kuliko nyumba, vinapendwa kwa udongo wake mfinyanzi unaotoa matofali mazuri. Udongo huo, ukisagwa na kushindiliwa ukiwa na unyevu, unaweza kufaa hata kwa tuta. Kichuguu kilichoachwa chini ya tuta ni jambo jingine kabisa. Ndani yake mna vyumba na mapito yanayokwenda mbali, na maji ya ziwa yakiyapata hayayaachi. Anayejenga upya akichimbe chote mpaka ardhi ngumu, kisha akate mtaro wa msingi na kuujaza udongo mfinyanzi. Mwenye tuta la zamani atafute vijilima vipya vya mchwa, mashimo ya panya na ya kaa. Chimba kufuata tundu hadi mwisho wake ziwa likiwa limeshuka, kisha jaza kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ishindiliwe. Kumwaga sumu na kufunika mdomo wa tundu kunaliacha pango lote mahali pake.

Shuka sasa nyuma ya tuta, mahali linapokutana na ardhi. Karibu kila tuta la udongo huchuruzisha maji kidogo. Kinachotisha ni mabadiliko. Chomeka kipande cha bomba mahali maji yanapotokea, weka chupa ya lita moja, hesabu sekunde hadi ijae, andika kwenye daftari pamoja na tarehe na kimo cha ziwa. Kisha iache chupa itulie usiku kucha. Asubuhi maji yakiwa maangavu na chini hamna kitu, endelea kupima kila wiki. Ukikuta udongo umetua chini ya chupa, tuta linaliwa kutoka ndani. Angalia hasa pale bomba la kutolea maji linapopita, maana maji hupenda kufuata ngozi ya bomba.

Ukikuta udongo kwenye chupa, usizibe tundu la nyuma kwa udongo mfinyanzi, kwani maji yatatafuta mlango mwingine. Lifunike kwa mchanga safi, kisha changarawe juu yake, ili maji yatoke na udongo ubaki. Anza kushusha ziwa na mwite mhandisi siku hiyo hiyo. Katika hali ya kawaida usishushe zaidi ya sentimita 30 kwa siku, la sivyo upande wa ndani wa tuta, ukiwa bado umelowa, utaporomoka. Lakini maji ya matope yakiongezeka mbele ya macho yako, fungua yote, na watu wa bondeni waondoke kwanza.

Kuhusu wageni, nina machache. Kichocho kinaishi na konokono, na konokono wanaishi kwenye magugu ya ukingoni, kwa hiyo sehemu ya kuogelea iwe safi, na vyoo viwe mbali na maji. Jaketi la kuokolea livaliwe na kila aliye mtumbwini, hata anayejua kuogelea. Radi za mchana wa masika si za kuchezea: ngurumo ya kwanza ikisikika, wote watoke majini. Na mtu asikaribie utoro wala bomba la kutolea maji.

Kisheria, karatasi ya shamba peke yake haikupi mto. Tangu sheria ya 1973 ardhi ni mali ya Dola, na Sheria namba 15/026 ya 31 Desemba 2015 kuhusu maji inaweka utaratibu wa matamko na vibali kwa wanaotumia maji ya umma. Fuata utaratibu huo, hata kama babu yako ndiye aliyejenga tuta.

Lililobaki halihitaji fundi. Mji unapanuka, na bonde lililokuwa tupu wakati tuta linajengwa huenda leo lina nyumba, kisima na kanisa. Teremka kwa miguu ukifuata mkondo wa maji mpaka nyumba ya mwisho. Chukua namba ya simu ya mkuu wa mtaa na ya mtu mmoja katika kila kundi la nyumba, mkubaliane njia ya kupanda juu na mlio wa hatari ambao hautegemei umeme wala mtandao, kengele au kipande cha reli. Mlinzi wako wa usiku awe na ruhusa ya kuupiga bila kukusubiri wewe. Fanya hivyo kabla mvua haijaanza.