Fedha Katika Simu

Zamani mtu aliyefanya kazi mjini alimpa dereva wa basi bahasha ya fedha ampelekee mama yake kijijini. Bahasha nyingine zilifika, nyingine zilipotea njiani. Mwaka 2007 M-Pesa ilianza Kenya, na mwaka 2008 ikaanza Tanzania. Siku hizi fedha hutumwa kwa simu. Mama huenda kwa wakala, hukatwa ada, akapewa fedha zake.

Lakini wezi nao wameingia katika simu. Huandika ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Asiyejua kusoma humpa mtu simu amsomee, tena humtajia namba ya siri. Hapo amempa ufunguo wa nyumba.

Wewe umejifunza kusoma. Soma ujumbe mwenyewe. Ukiwa na shaka, mpigie ndugu yako usikie sauti yake. Kabla ya kutuma, tazama jina na kiasi. Namba ya siri usimtajie mtu, hata wakala.

Maswali
1. Zamani fedha zilipelekwaje kijijini?
2. Kwa nini namba ya siri ni kama ufunguo?
3. Ukipata ujumbe wa kuomba fedha, utafanya nini kwanza?