Askofu Festo Kivengere: Kusamehe Si Kunyamaza

Somo: Luka 23:32-34; Warumi 12:17-21

Wiki hii tunajifunza kutoka kwa mtumishi ambaye hakuwa wa kanisa letu. Alikuwa Mwanglikana, tena askofu, lakini alikuwa ameokoka na hakuona haya kusema hivyo popote.

Nimemchagua kwa sababu ya swali ninaloulizwa karibu kila mara nikihubiri juu ya msamaha. Mtu ananingoja mlangoni ibada ikiisha, ananiuliza polepole: "Pastor, nikimsamehe aliyenichomea nyumba, si ni kama nimesema hakukosa?" Sisi tulioona mambo ya 2007 na 2008 hapa Kenya tunajua hilo swali si la mzaha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hivyo leo tumsikize mtu aliyelala hapo.

Festo Kivengere alizaliwa mwaka 1919 huko Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda. Alikuwa mwalimu. Uamsho wa Afrika Mashariki ukamkuta akiwa kijana, akaokoka. Baadaye yeye na mkewe Mera walikwenda Dodoma, Tanganyika, akafundisha na kuhubiri huko miaka mingi. Mwaka 1972 akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Kigezi. Wakati huo Idi Amin alikuwa tayari ameshika nchi.

Tuangalie mambo manne.

1. Alianza na msamaha wa karibu

Mara tu baada ya kuokoka, Roho alimkumbusha Mzungu mmoja mmishonari aliyekuwa akimchukia. Festo akapanda baiskeli, akaenda safari ndefu kumtafuta, akamwambia wazi kwamba alimchukia na sasa anaomba msamaha. Mpendwa, usingoje siku ya Idi Amin ndipo ujifunze kusamehe. Anza na shemeji yako. Anza na yule mliyekosana kwenye chama. Baiskeli huja kwanza.

2. Alisema kweli

Februari 1973 watu watatu kutoka sehemu zake walipigwa risasi hadharani katika uwanja wa Kabale, watu wakiwa wameitwa kutazama. Askofu aliomba ruhusa ya kuzungumza nao dakika za mwisho. Alikwenda akijiuliza atawaambia nini, akakuta nyuso zao zinang'aa. Walikuwa wamempokea Yesu gerezani, na mmoja akamtuma ampelekee mkewe habari hiyo. Yeye aliyekwenda kufariji ndiye aliyefarijiwa.

Lakini hakuishia kwenye maombi peke yake. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake, wakiongozwa na Askofu Mkuu Janani Luwum, walimwandikia Amin barua. Walilalamikia mauaji na jinsi askari walivyovamia nyumba ya Luwum usiku. Waliweka sahihi zao. Tarehe 16 mwezi huo wakaitwa Kampala mbele ya umati wa askari, wakasingiziwa njama za silaha. Maaskofu wengine wakaambiwa waende nyumbani, Luwum akabakizwa. Kesho yake redio ikatangaza kwamba amekufa kwa ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili. Mwili wake ulikuwa na matundu ya risasi.

Sasa skiza vizuri. Huyu Festo ambaye ulimwengu unamjua kwa msamaha ndiye huyo huyo aliyetia sahihi barua ya kulalamika. Nimeona neno "samehe" likitumiwa kufunga watu midomo: mke anayepigwa, mjane aliyenyang'anywa shamba, msichana aliyeharibiwa na mtu wa jamaa. Wanaambiwa wasamehe ili jambo lisifike kwa chifu. Huo si msamaha, ni kuficha. Huwezi kusamehe kosa ambalo umekataa kulitaja.

3. Alikimbia, na haikuwa dhambi

Siku chache baada ya kifo cha Luwum, Festo aliambiwa kwamba anatafutwa. Yeye na Mera wakaondoka usiku, wakapanda milima kwa miguu hadi Rwanda. Kuna wanaosema mtu wa imani hakimbii. Yusufu na Mariamu walikimbilia Misri na mtoto, na aliyewaamuru ni malaika. Unaweza kumsamehe mtu na bado usilale kwa nyumba yake.

4. Alisamehe uchungu ukiwa bado mbichi

Akiwa uhamishoni, chuki ikamwingia. Ijumaa Kuu ya mwaka 1977 alikuwa London, ameketi kanisani, yakisomwa maneno ya Yesu akiwaombea waliompigilia misumari. Festo alisimulia kwamba hapo Bwana alimgusa: je, Amin hakuwemo katika maombi hayo? Akaachilia. Mwaka huo huo akatoa kitabu ambacho jina lake lilishtua wengi, maana kilisema anampenda Idi Amin.

Angalia: Amin hakuwa ameomba msamaha. Alianguka mwaka 1979, akafa Saudi Arabia mwaka 2003 bila kusimama mbele ya mahakama. Kama Festo angengoja Amin atubu, angekufa akingoja, kwa sababu yeye mwenyewe alilala mwaka 1988, hapa Nairobi, kwa saratani ya damu. Badala yake alirudi Uganda 1979 akiwa mtu huru, akaingia kazi ya kujenga nchi iliyovunjika. Warumi 12 inatufundisha kwamba kisasi ni cha Mungu. Festo alimwachia Mungu faili ya Amin, yeye akabaki na kazi ya Injili.

Kwa hivyo wewe unayeuliza mlangoni, jibu langu ni hili. Hapana, kusamehe si kusema hakukosa. Sema alichofanya. Ukihitaji kwenda polisi, nenda, na kanisa lisimame nawe. Lakini usimpe nafasi ya kuishi moyoni mwako bila kodi. Nyumba yako alishaichoma; usimwachie na moyo.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Ni nani ambaye ungehitaji "baiskeli" kumfikia wiki hii?
2. Tunawezaje kumsaidia aliyeumizwa bila kumharakisha?
3. Ni jambo gani katika kikundi chetu tumeliita msamaha, na kumbe ni kunyamaza?

Tuombe: Bwana Yesu, tupe kinywa cha kusema kweli na moyo usioshika chuki. Wale ambao kidonda bado kinatoka damu, uketi nao. Amina.