Jiwe la Kornelio na Neno «Shahidi»

Mwaka 1849 mtaalamu wa mambo ya kale, Giovanni Battista de Rossi, aliona kipande cha marumaru katika shamba la mizabibu, kando ya barabara ya kale ya Via Appia, nje ya mji wa Roma. Kilikuwa na maandishi haya: NELIUS MARTYR. Mwanzo wa jina ulikuwa umevunjika. De Rossi akawaza kuwa ni Kornelio, Papa aliyekufa mwaka 253. Mwaka 1852 kaburi lenyewe likaonekana, na kipande kingine pamoja nalo. Vilipounganishwa, vikasomeka: CORNELIUS MARTYR EP.

EP ni kifupi cha episcopus. Asili yake ni Kigiriki: epi, «juu ya», skopos, «mwangalizi». Waarabu walilitamka usquf, na kwa njia yao sisi tumepata askofu.

Martyr nalo latoka katika Kigiriki. Hapo kwanza halikuwa na habari ya kifo. Lilikuwa neno la barazani: mtu aliyeona jambo, akasimama na kulisema. Katika Matendo ya Mitume 1:8 Bwana Yesu awaita Mitume kwa neno hilo, nao wangali hai. Baadaye, kwa kuwa wengi waliuawa kwa ajili ya ushuhuda wao, neno likapata maana ya kumwaga damu.

Katika Kiswahili maana zote mbili zimebaki pamoja. Shahidi, neno la asili ya Kiarabu, ni yule aliyekuwapo akaona. Tena ni yule aliyekufa kwa ajili ya imani, kama Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964.

Basi Mkristo wa Masisi au Walikale aitwapo mbele ya mwami kwa shauri la mpaka wa shamba, aitwa kwa jina lile lile la jiwe la Roma. Labda mwenye haki ni mtu wa kabila lingine, na ndugu wa shahidi wamsihi anyamaze. Akinyamaza, mjane atanyang'anywa shamba, na chuki itarithiwa na watoto. Akisema kweli, atalaumiwa nyumbani kwake. Hapo ndipo ushahidi uanzapo, kabla ya damu yo yote.

Maswali
1. EP maana yake nini?
2. Neno martyr lilikuwa na maana gani hapo kwanza?
3. Amri ya nane yamdai nini aliyeuona mpaka ukiwekwa?