SOMO LETU: KADI MOJA AU KADI MBILI?



Vijana wetu wa Mwello, wapakiaji wa mizigo na waendesha boda boda, wamekuwa wakiweka akiba kwa muda wa miezi kumi na minne ili wanunue kompyuta ya kuchezea gemu. Nia yao ni kufungua chumba kidogo ambamo mtu atalipa acheze mpira wa kompyuta, na mapato yaingie katika mfuko wa kikundi. Fedha hiyo si ya mchezo. Wako walioitoa siku ambazo hawakubeba hata gunia moja.

Sasa mwuzaji mmoja mjini amewapa njia mbili kwa bei ile ile. Njia ya kwanza ni kompyuta yenye kadi mbili za picha aina ya GTX 960, kila moja ikiwa na gigabaiti 2. Njia ya pili ni kompyuta yenye kadi moja tu, GTX 1060 ya gigabaiti 6. Boksi, prosesa na vinginevyo ni vile vile. Kikundi kimegawanyika pande mbili, na maneno yameanza kuwa makali. Wanaotaka kadi mbili wanasema mbili ni zaidi ya moja, na kwamba mwuzaji ameapa nguvu itakuwa maradufu. Nimeombwa ushauri kabla ya mkutano wao, na kwa kuwa swali hili litawakuta wengine Busia, Malaba na Tororo, naliandika hapa ili wote tujifunze.

Tuanze na kazi ya kadi yenyewe. Unapoona mchezaji akikimbia katika kioo, hakuna anayekimbia. Ni picha nyingi zilizosimama, moja baada ya nyingine, upesi mno hata jicho likadanganyika. Gemu ikienda vizuri hutoa picha 60 kwa sekunde moja. Maana yake ni kwamba kila picha lazima iwe tayari kabla sehemu 17 kati ya 1,000 za sekunde hazijaisha. Kadi ya picha ndiyo mchoraji. Prosesa humwambia achore nini, naye huchora, na vifaa vyake vya kuchorea (rangi za nyasi, nyuso za wachezaji, taa za uwanja) huviweka katika memori yake mwenyewe. Hiyo ndiyo gigabaiti 2 au 6 tunayoitaja.

Wazo la kuwaajiri wachoraji wawili si geni. Kampuni ya 3dfx ilifanya hivyo mwaka 1998 kwa kadi zake za Voodoo2: kadi moja ilichora mistari ya witiri na nyingine ya shufwa. Kampuni ya NVIDIA, iliyonunua mali ya 3dfx, ililirudisha wazo hilo mwaka 2004 kwa jina la SLI, nayo ATI ikaja na lake la CrossFire mwaka 2005. Lakini sasa njia ilibadilika. Kadi ziliachiana picha nzima: hii ichore ya kwanza, ile ya pili, hii ya tatu, ile ya nne.

Mtu aliyekaa pale mpakani Busia atanielewa. Chukua malori yamepanga mstari na wapakiaji wawili. Mmoja anashusha lori la kwanza, mwenzake la pili, kisha wa kwanza anakwenda la tatu. Kazi yaweza kwenda maradufu, lakini kwa masharti. Sharti la kwanza, awepo msimamizi anayeijua kazi ile. Katika kompyuta, msimamizi ni programu iitwayo draiva, na kwa SLI kila gemu ilihitaji maelekezo yake yaliyoandikwa na NVIDIA. Gemu isiyo na maelekezo hayo, kadi ya pili huketi bure. Sharti la pili, lori moja lisimtegemee jingine. Gemu za siku hizi huchukua sehemu ya picha iliyopita ili kutengeneza picha inayofuata. Hapo mpakiaji wa pili hawezi kuanza mpaka wa kwanza ampe karatasi, na ile haraka imekwisha.

Na hata yote yakitimia, wawili hawa hawatembei kwa hatua sawa. Picha mbili hufika zikiwa zimefuatana mgongoni, kisha pengo, halafu mbili tena. Hesabu inasema picha 60, jicho linaona kugugumia. Mchezaji anayelipa kwa dakika hatakuja kusoma hesabu yenu, ataondoka.

Kuhusu memori, hapa ndipo vijana wengi hudanganywa. Gigabaiti 2 na gigabaiti 2 si 4. Kwa kuwa kila kadi huchora picha nzima, kila moja lazima iwe na vifaa vyote vya kuchorea, nakala kwa nakala. Ni kama kuwapa wapakiaji wawili orodha ile ile ya mizigo: karatasi ni mbili, majina ni yale yale. Kwa hiyo kompyuta ya kadi mbili aliyoileta mwuzaji, mbele ya gemu, ina gigabaiti 2 tu. Gemu ya mpira ya FC 24, iliyotoka mwaka 2023, watengenezaji wake waliandika kwamba kiwango cha chini kabisa ni kadi kama GTX 1050 Ti ya gigabaiti 4. Basi ile ya kadi mbili imeshindwa mlangoni.

Sasa tuzilinganishe njia zenyewe. GTX 960 ya mwaka 2015 ina vichoraji vidogo 1,024 ndani yake. Kaka yake GTX 980 anavyo 2,048. Ukiunganisha 960 mbili, siku yake njema kuliko zote, unakaribia 980 moja. Na GTX 1060 iliyokuja mwaka 2016, peke yake, hufanya kazi ya kiasi cha 980. Mmeona? Kadi mbili zikipata gemu inayozikubali, msimamizi mzuri na bahati, zinafikia mahali ambapo ile moja imeketi tayari. Siku nyingine zote ni nusu yake.

Na siku nyingine ndizo nyingi, maana msimamizi amekwisha kustaafu. NVIDIA ilitangaza mwaka 2020 kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2021 haitaandika tena maelekezo mapya ya SLI kwa kadi za RTX 20 na za kabla yake. AMD, waliokuwa wameinunua ATI, waliacha hata jina la CrossFire mwaka 2017. Tangu hapo kazi hiyo iliachiwa watengenezaji wa gemu wenyewe, na ni wachache mno walioifanya. GTX 1060 yenyewe haina hata mahali pa kufungia daraja la SLI.

Sisi wa chama tumezoea kusema wengi ni nguvu, na mimi nimesema hivyo katika mikutano mpaka sauti ikanikauka. Kwa wafanyakazi ni kweli. Kwa kadi hizi sivyo.

Yuko kijana mmoja aliyenibana kwa swali zuri: mbona mafundi wa video huweka kadi mbili hata leo? Ni kweli, huweka. Kazi ya kutengeneza filamu za katuni kwa programu ya Blender yaweza kugawanywa, kwa sababu pale hakuna anayengoja picha katika sehemu 17 za elfu. Kila kadi hufanya fungu lake hata kama ni usiku kucha. Ipo pia programu ya Lossless Scaling inayoweza kuipa kadi ya pili kazi ya kubuni picha za katikati. Lakini picha za kubuni huchelewesha kidogo kitufe, na tena lazima kadi ya kwanza iwe na nguvu ya kutosha. Hiyo si dawa ya mwenye fedha kidogo.

Tuje kwenye umeme, kwa sababu huu hulipwa kila siku. GTX 960 moja hula kiasi cha wati 120 ikifanya kazi kamili, na 1060 nayo hula 120. Kwa hiyo kadi mbili zikifanya kazi ni 240 dhidi ya 120. Chumba kikifunguliwa saa kumi kwa siku, tofauti ni wati 120 mara saa 10, yaani yuniti 1.2. Kwa siku 30 ni yuniti 36. Chukueni risiti yenu ya tokeni, tazameni bei ya yuniti moja, zidisheni. Hiyo ndiyo kodi ya kadi ya pili kila mwezi. Na joto lote hilo hubaki ndani ya chumba chenye bati juu.

Pawa saplai nayo isisahauliwe. Miaka michache iliyopita nilinunua moja kwa ajili ya kompyuta ya ofisi yetu ndogo. Juu iliandikwa wati 500 kwa herufi kubwa. Siku ya pili ilitoa moshi na kufa, nayo diski yenye orodha ya wanachama ikafa pamoja nayo. Tulikaa wiki tatu tukiandika majina upya kwa mkono. Baadaye fundi alinionyesha nilipopaswa kutazama: ni ile karatasi ya pembeni, mstari wa volti 12. Pale paliandikwa ampea 18. Volti 12 mara ampea 18 ni wati 216. Kadi ya picha hunywa hasa kutoka mstari huo. Basi msisome herufi kubwa. Someni mstari wa volti 12 na kuzidisha wenyewe.

Wengine mtanunua kompyuta za ofisi zilizotumika, kama Dell OptiPlex, kwa kuwa ni rahisi. OptiPlex 7010 kubwa ina pawa saplai ya wati 275, na ile ndogo ya kulala 240. Hapo habari ya kadi mbili hata isitajwe. Tafuteni kadi kama GTX 1650 ya gigabaiti 4: hula wati 75, na nyingine za aina hiyo hazihitaji waya wa ziada, zinapata umeme wote katika tundu lake. Kwa boksi dogo lazima iwe kadi fupi yenye bati la chini. Prosesa za kompyuta hizo nazo ni za zamani, kwa hiyo msitegemee gemu mpya ziende kwa mbio. Jambo moja zaidi kuhusu 1060: NVIDIA ilikoma kuitolea draiva mpya za gemu mwezi Oktoba 2025, nayo GTX 960 pia, zinabaki za usalama tu. GTX 1650 bado inatolewa. Inachora polepole kidogo kuliko 1060, lakini mwuzaji akiwa nayo, ulizeni bei kabla hamjafunga shauri.

Kabla ya kutoa fedha, kadi iwashwe mbele yenu. Wekeni programu ya GPU-Z, ni ya bure, muone jina na memori. Huonya pia ikiwa kadi ni ya NVIDIA iliyoghushiwa, yaani ya zamani iliyobadilishwa jina. Kisha chezeni gemu nusu saa pale pale dukani. Sikilizeni feni kama zinakwaruza, tazameni kama vidoa vya rangi vinatokea. Tangu sarafu ya Ethereum ilipoacha kutegemea kadi tarehe 15 Septemba 2022, kadi nyingi zilizochoshwa kwa kazi ya usiku na mchana zilimwagwa sokoni. Si zote mbovu, ila atakayewakataza kujaribu anawaficha kitu. Risiti iandikwe jina la kikundi na namba ya kadi, wala si jina la mweka hazina.

Fedha itakayobaki, ikibaki, nunueni stabilaiza ya umeme.

Mkutano wa Mwello utakuwa Jumamosi baada ya kazi. Ninawaomba wale wa upande wa kadi mbili waje na futi ya fundi seremala, na mmoja apite dukani kwanza akapime urefu wa ndani ya boksi, kutoka bati la nyuma mpaka kwenye diski. Kadi nyingi zina sentimita 20 hadi 28, na boksi lile sijaliona.