Nywila moja, watu sita

Mwaka jana nikiwa fildi, watu sita tulitumia nywila moja ya root, akaunti yenye mamlaka yote kwenye seva. Tena imebandikwa ukutani! Siku folda ya mishahara ilipofutwa, rekodi za seva zilisema "root" tu. Macho yote yakanigeukia mimi, mwanafunzi.

Dawa ipo tangu 1980 hivi: sudo. Kila mtu anaingia kwa jina na nywila yake, halafu anaruhusiwa amri za kazi yake tu. Kwenye Ubuntu, faili la auth.log linaandika nani katumia amri gani, saa ngapi. Ruhusa zihariri kwa visudo, maana inakagua makosa kabla ya kuhifadhi. Mtu akiondoka, unafunga akaunti yake basi.

Pale ofisini, aliyefuta hajajulikana mpaka leo.